Willem Kolff, Daktari Aliyesafisha Damu kwa Ganda la Soseji

Nawaandikia kutoka Malava, Kakamega, kazi iliponileta. Huku, kama huko kwetu Mombasa, mtu akiambiwa figo zimefeli na damu yake isafishwe kwa mashine, jamaa hulia kana kwamba ameshakufa. Wapo wanaokataa katakata, wakiamini mashine ndiyo inayoua. Kwa hao, leo namsimulia marehemu Dkt. Willem Kolff.

Alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1911. Mwaka 1938, akiwa daktari mchanga mjini Groningen, aliuguza kijana wa miaka ishirini na ushei aliyekuwa akifa kwa figo. Hakuwa na tiba. Kilichombakia ni kumpasha mama mtu habari, na jambo hilo halikumtoka moyoni.

Figo za mtu mzima huchuja lita zipatazo 180 kwa siku. Karibu zote hurudi mwilini. Lita moja au mbili hutoka kama mkojo, zikibeba yurea, taka itokanayo na protini. Figo zikifeli, taka hiyo hujaa damuni.

Kolff alitia damu yenye yurea ndani ya ganda la soseji la selofeni, akalitikisa katika maji ya chumvi. Yurea ikapenya ikaingia majini, kwani taka huhama kutoka zilikojaa kwenda kusikokuwa nazo. Chembe za damu, kwa ukubwa wake, zikabaki. Mashine za leo hutumia njia hiyo hiyo.

Mwaka 1940 Wajerumani waliivamia Uholanzi. Kolff akahamia mji mdogo wa Kampen, na vifaa vikiwa haba akaunda pipa la mbao lililoviringishiwa selofeni, likizunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alianza kutibu watu 1943. Wagonjwa wa mwanzo walifika mahututi, na takriban wote walifariki. Hakukata tamaa.

Mwaka 1945 aliletewa mama wa miaka 67, hana fahamu, tena mfungwa aliyechukiwa kwa kushirikiana na wavamizi. Kolff hakuangalia siasa yake. Baada ya saa 11 za mashine mama alizinduka, akaishi miaka saba zaidi.

Baada ya vita, Kolff aligawa mashine zake bure kwa hospitali za nchi kadhaa. Alihamia Marekani 1950, akafariki huko 2009.

Ndugu zangu, mashine haikuwaua wale wa mwanzo. Waliuawa na maradhi yaliyokwisha kukomaa. Nasi tunarudia yale yale tunapomficha mgonjwa nyumbani hadi avimbe na kupumua kwa shida. Pimeni sukari na presha, maana ndizo zinazoharibu figo za wengi. Na daktari akisema mashine, mpelekeni mgonjwa angali na nguvu. Uhai na mauti ni vya Mwenyezi Mungu, lakini kutafuta tiba ni juu yetu.