Mwangeka wa Malowa: Shujaa wa Mraru na jina lililobaki baada yake

JINA la Mwangeka wa Malowa ni miongoni mwa majina yanayotajwa kwa heshima kubwa katika historia ya Wataita. Shujaa huyo wa Mraru, karibu na mji wa Voi, aliuawa mwaka 1892 akipinga maajenti wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki waliotaka kupita katika nchi yake bila kuwajali wenyeji.

Ili kuelewa kisa chake, ni sharti kwanza kuitazama njia yenyewe. Misafara iliyotoka Mombasa ilivuka nyika kavu ya Taru kwa siku kadhaa, wapagazi wakiteseka kwa kiu. Milima ya Taita ndiyo iliyowapa maji na chakula kabla ya kuendelea kuelekea Tsavo na bara. Kwa hiyo aliyeimiliki milima hiyo alikuwa na haki ya kudai hongo, yaani ushuru wa njia, kama ilivyokuwa desturi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Kampuni hiyo ilipopewa hati ya kifalme mwaka 1888, mambo yalibadilika. Misafara iliongezeka, vijana wakatakiwa kubeba mizigo, na chakula cha wenyeji kikachukuliwa wakati ambapo Wataita walikuwa bado wanakumbuka njaa kali ya miaka ya 1880. Kwa watu waliokwisha kuona jamaa zao wakihama kutafuta chakula, kuporwa nafaka halikuwa jambo dogo. Mwangeka alikataa.

Mwaka 1892 Kapteni Robert Nelson, aliyewahi kufuatana na Stanley katika msafara wa kumwokoa Emin Pasha, aliongoza askari wa kampuni dhidi yake. Mishale ya Wataita ilikutana na bunduki, na Mwangeka akauawa. Nelson naye hakuishi sana, kwani alifariki dunia huko Kikuyu mwezi Desemba mwaka huo huo. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliitwaa nchi kutoka mikononi mwa kampuni, na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikapita Voi. Njia ya misafara ikapoteza umuhimu wake, na hongo ikakoma.

Jina la shujaa huyo lina funzo kwa kila anayetafuta asili ya ukoo wake. Malowa si jina la ukoo kama linavyoeleweka leo. Neno "wa" lililo katikati humtambulisha Mwangeka kuwa mwana wa Malowa. Mtu wa zama zile alijulikana kwa jina lake, jina la baba yake, kijiji chake na kichuku chake, yaani jamaa wa nasaba moja. Jina moja la kudumu, linalorithiwa na kila kizazi, lilikuja pamoja na vitabu vya ubatizo vya misheni, madaftari ya shule na kipande cha wakoloni.

Kwa sababu hiyo, kuitwa Mwangeka leo si ushahidi wa kutosha kwamba mtu ni wa damu ya shujaa wa Mraru. Majina ya wazee hupewa wajukuu, na jina moja huweza kutumiwa na jamaa wasiohusiana. Anayetaka kujua ukweli hana budi kuwauliza wazee majina ya mababu, mmoja baada ya mwingine, pamoja na mahali walipolima na walipozikwa.

Wataita walikuwa na njia yao ya kutunza kumbukumbu hiyo. Mafuvu ya wazee yalifukuliwa na kuwekwa kwa mpangilio katika mapango, ili walio hai wajue walikotoka. Desturi hiyo ilififia kadiri dini mpya zilivyoenea. Sasa kumbukumbu imebaki vinywani mwa wazee, na kila mzee anapoaga dunia bila kuulizwa, sehemu ya nasaba hupotea pamoja naye.