Sayyida Salme na Mavazi ya Kwao

Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Babake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, na mamake, Jilfidan, suria wa Kicherkesi aliyekuwa hodari wa kazi ya sindano.

Zama hizo nguo ya mwanamke ilieleza daraja yake. Bibi wa jumbani alivaa kanzu ndefu, suruali na kitambaa cha kichwa. Usoni barakoa yenye nakshi, na akitoka hujitanda shela. Mshono ulikuwa mmoja kwa tajiri na maskini. Tofauti ilikuwa kitambaa: hariri na atlasi kwa huyu, nguo hafifu kwa yule. Ama mjakazi, hakuruhusiwa kujitanda.

Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akiiga herufi za Msahafu. Ujuzi huo ulimponza, kwani mwaka 1859 alimwandikia barua nduguye Barghash alipotaka kumpindua Sayyid Majid.

Agosti 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Mwaka 1867, huko Aden, alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Wakaenda kukaa Hamburg. Barakoa na shela zikawekwa kando. Sasa ikawa gauni la kizungu lenye kubana kiuno, na uso wazi mbele ya kila mtu.

Hata hivyo, picha yake iliyo mashuhuri kabisa, aliyovaa mavazi kamili ya kwao, haikupigwa Unguja. Ilipigwa huko huko Hamburg.

Mwaka 1870 mumewe alifariki baada ya kugongwa na tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1885, na tena 1888, Salme alirudi Unguja kudai urithi wake. Mwaka 1885 Sayyid Barghash, yule yule aliyemwandikia barua, alikataa kumpokea, na urithi hakuupata. Kisha akaishi Beirut miaka mingi, akaaga dunia mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1924.

Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1886 alikuwa ameyaeleza mavazi ya mabibi wa Unguja kwa makini. Leo fundi atakaye kushona kanzu na barakoa za enzi ile ana pa kutazama, na aliyemwekea ni bibi ambaye mwenyewe hakurudi tena kuyavaa nyumbani kwao.