Hugh Tracey: Aliyezinasa Nyimbo za Wengine

Hugh Tracey alizaliwa Devon, Uingereza, tarehe 29 Januari 1903. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alihamia Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kumsaidia kaka yake katika shamba la tumbaku. Huko alijifunza lugha ya vibarua Wakaranga pamoja na nyimbo walizoimba wakifanya kazi. Walowezi wenzake waliziona kuwa kelele tu. Yeye zilimkaa moyoni. Mnamo 1929 aliwasafirisha vijana 14 hadi Johannesburg, wakarekodiwa na kampuni ya Columbia.

Kuanzia miaka ya 1940 alisafiri kwa gari lililobeba mitambo yake. Jenereta iliwekwa mbali ili mngurumo wake usiingie katika wimbo. Kipaza sauti alikishika mwenyewe, akikisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwa mpiga ala, mithili ya msikilizaji anayegeuza sikio. Hata hivyo, santuri ya wakati huo ilichukua takriban dakika tatu kila upande. Ngoma ya usiku kucha ilibidi ikatwe, na mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kuukumbuka ukataji huo kila anaposikiliza kazi hizi.

Mnamo 1950 alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis. Hapo alirekodi Chemirocha, wimbo uliozuka baada ya wenyeji kusikia santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers na kumgeuza jina. Miaka miwili baadaye, mjini Jadotville, Kongo, alimkuta barabarani kijana mpiga gitaa, Jean Bosco Mwenda, akamrekodi. Ajabu ni kwamba Tracey, aliyehofia muziki wa mjini kuumeza ule wa jadi, ndiye aliyemfungulia njia bingwa wa gitaa la mjini. Mwenda alikuja hata Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mitaa ya Eastlands, kama vile Pumwani na Kaloleni, walikotengewa makazi Waafrika wa mji huo, ilikuwa tayari na masikio ya kupokea gitaa la aina hiyo, hasa likiambatana na Kiswahili.

Mnamo 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini, na baadaye akatoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200. Bidii hiyo haina mfano. Lakini nyimbo zilihifadhiwa maelfu ya kilomita kutoka kwa wenyewe, katika nchi ya ubaguzi wa rangi ambamo wengi wao wasingekaribishwa. Je, anayeunasa wimbo huwa ameupata au ameuazima? Tracey hakuwahi kulijibu swali hilo kwa ukamilifu. Alifariki tarehe 23 Oktoba 1977.

Mnamo 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na Tabu Osusa wa Ketebul Music ya Nairobi, ilirudisha nakala Kapkatet. Baadhi ya wazee walioimba mwaka 1950 wakazisikia tena sauti zao za ujana.