Tom Mboya: Karo ilimwishia, maneno hayakumwishia

Kama unasoma hii ukiwa Hola, jina la Mau Mau Memorial High School unalijua vizuri. Lakini je, unajua ni maneno gani yaliandikwa kuhusu watu waliouawa hapo kwenu?

Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya Hola walipigwa na askari hadi wakafa, kwa sababu walikataa kulazimishwa kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ya mkoloni, kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa, ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Eti maji! Ni uchunguzi wa kisheria uliofuata ndio uliothibitisha kwamba waliuawa na kipigo.

Kwa hivyo ukiambiwa ujifunze Kiingereza, usidhani ni mambo ya kujishaua mbele ya wenzako. Asiyeielewa lugha huandikiwa kisa chake na wengine, naye hana la kujibu.

Mwaka huo huo wa 1959, kijana wa miaka 29 aliitumia lugha hiyo hiyo kupeleka vijana wenzake Marekani kusoma. Jina lake Tom Mboya. Hebu leo tumfuate kwa maneno manne ya Kiingereza ambayo kila mwenye ndoto anayahitaji.

Neno la kwanza: drop out

Hili ni la kuacha masomo katikati. Wengi wetu tunalijua hata bila kamusi. Mimi chuo nilikiacha karo ilipokatika, na huwa naliskia likitamkwa kama tusi.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la mzungu. Babake, Mluo wa Rusinga, alikuwa mnyapara hapo. Kijana alisoma Kabaa, kisha Yala, kisha Mang'u. Akafika pale pa kufanya mtihani wa mwisho, pesa zikaisha. Cheti hakupata.

Angekaa kijijini akalia. Badala yake alijiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya mwaka wa 1948, na kufikia 1951 alikuwa ameajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Neno la pili: speak up

Maana yake ni kusema bila kunyamazishwa. Haimaanishi kupiga kelele.

Siku moja Mboya alikuwa peke yake kwenye maabara, akipima maziwa. Mama mzungu akaingia na chupa yake, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote humu ndani. Mboya yuko pale pale mbele yake! Alimjibu kwa upole, kwa Kiingereza, akimuuliza kama macho yake yana shida. Mama alikasirika, akaenda kumshtaki.

Fikiria hapo. Kama hangekuwa na maneno, angeinamisha kichwa tu. Kumbuka pia kwamba mkaguzi Mwafrika alilipwa mshahara mdogo sana kuliko mzungu wa kazi ile ile. Mboya akaanza kuwaunganisha wafanyakazi wenzake kwenye chama, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Wakati huo hali ya hatari ilikuwa imetangazwa na viongozi wengi walikuwa kizuizini.

Neno la tatu: second chance

Yaani nafasi ya pili. Mwaka wa 1955 Mboya alipata ufadhili wa mwaka mmoja kwenda Ruskin College, mjini Oxford. Chuo hicho kilianzishwa kwa ajili ya watu wazima wa tabaka la wafanyakazi, wengi wao wakiwa hawana vyeti vya shule. Yule aliyekosa mtihani Mang'u akawa anasoma siasa na uchumi Uingereza.

Aliporudi hakupoa. Machi 1957 alichaguliwa kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Desemba 1958, akiwa na miaka 28 tu, aliongoza mkutano mkubwa wa Waafrika mjini Accra.

Neno la nne: apply

Hili ndilo la kutuma maombi. Wiki chache baada ya mauaji ya Hola, Mboya alikuwa Marekani, akihutubia mji baada ya mji. Vijana wengi wa Kenya walikuwa wameandikia vyuo vya huko na kukubaliwa. Kilichobaki ni nauli, na nani angeimudu? Mboya akaiomba. Watu maarufu kama Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson walisaidia kuchangisha, na Septemba 1959 ndege ikaondoka na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Katika safari za 1960 alikuwemo msichana kutoka Nyeri ambaye baadaye dunia ilimjua kama Wangari Maathai.

Lakini ona jambo moja: ndege haikumbeba mtu ambaye hakuwa ameandika barua. Ufadhili ulimkuta mtu ameshaomba.

Mboya alikuja kuwa waziri. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi katikati ya Nairobi, kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Sanamu yake iko kwenye barabara hiyo.

Sasa wewe. Usingoje Kiingereza chako kiwe cha Oxford ndipo uanze. Leo usiku andika sentensi tatu, uzikariri:

I would like to apply: ningependa kutuma maombi.
When is the deadline: mwisho wa kutuma ni lini?
I am following up on my application: nafuatilia maombi yangu.

Hiyo ya tatu ndiyo wengi husahau. Wanatuma mara moja, wakikosa jibu wanajiambia hawafai. Fuatilia, rafiki. Na ukiulizwa kama kuna mtu yeyote hapo, jibu.