Mtakatifu Monika, Mama Aliyengoja

Katika jubilei hii ya jimbo letu tunahesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa na watu waliobatizwa. Hayo yote yana daftari zake. Lakini iko kazi moja isiyoandikwa katika daftari yo yote ya parokia, nayo ni kungoja kwake mama aombaye usiku kwa ajili ya mume au mtoto. Kwa hiyo tumeona vema kuwakumbusha wasomaji wetu habari za Monika, mama wa Kiafrika, kama zilivyoandikwa na mwanawe, Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo.

Monika alizaliwa yapata mwaka 331 huko Afrika ya Kaskazini, akakaa Thagaste, mji ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Alilelewa katika nyumba ya Kikristo, kisha akaozwa kwa Patrisi, mtu wa baraza la mji, asiyekuwa Mkristo. Mali yake Patrisi ilikuwa haba na hasira yake nyingi, wala hakuwa mwaminifu katika ndoa. Mama mkwe naye hapo kwanza alimchukia Monika, kwa sababu vijakazi walimpelekea fitina. Monika hakulipa fitina kwa fitina. Mumewe alipowaka hasira alinyamaza. Hasira ilipokwisha kupoa, ndipo alipomweleza neno lake. Mama mkwe alimtumikia kwa adabu na saburi, hata wakapatana kabisa. Patrisi mwenyewe alibatizwa mwishoni mwa maisha yake, akafa yapata mwaka 371.

Walakini taabu kubwa ya Monika ilikuwa Augustino, aliyezaliwa mwaka 354. Alikuwa na akili nyingi, na wazazi walitamani sana asome. Alipokuwa na miaka 16 masomo yalisimama, kwa kuwa baba alikuwa akitafuta fedha za kumpeleka Kartago. Mwaka ule alikaa bure nyumbani, akaanza kupotoka pamoja na vijana wenziwe. Wazazi na walimu wetu wanaijua hali hiyo. Huko Kartago akaishi na mwanamke pasipo ndoa, wakapata mtoto, Adeodato; tena akashika mafundisho ya Mani, akaidharau imani ya mama yake.

Monika alilia kama aliaye msibani, hata kwa muda akakataa kula naye meza moja. Kisha akaota ndoto: alisimama juu ya ubao, na kijana mwenye kung'aa akamwambia atazame, akamwona mwanawe amesimama papo hapo alipo yeye. Basi akamkaribisha tena mezani, ijapokuwa kijana alikuwa hajabadilika hata kidogo. Askofu mmoja, aliyesumbuliwa sana na maombi yake, alimtuliza kwamba mwana aliyeliliwa kwa machozi hayo hawezi kupotea.

Mwaka 383 Augustino alitaka kusafiri kwenda Roma. Mama akamng'ang'ania pale pwani. Naye akamdanganya, akapanda chombo usiku, mama akiwa katika kanisa la Mtakatifu Sipriano akisali asiondoke. Asubuhi Monika aliona bahari tupu. Ungesema sala zake zimekataliwa. Lakini safari ile aliyoizuia ndiyo iliyomfikisha Augustino Milano, kwa Askofu Ambrosi, ambaye mahubiri yake yalimfungua moyo. Mungu alimnyima Monika alichokiomba usiku ule, ili ampe alichokiomba miaka yote.

Mama naye akavuka bahari, akamfuata. Mwaka 386 Augustino aliongoka, na katika Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa pamoja na Adeodato. Mwaka ule ule, walipongoja chombo cha kurudi Afrika katika mji wa Ostia, Monika alishikwa na homa. Zamani alitamani sana kuzikwa Thagaste kando ya mumewe, tena alikwisha jiwekea kaburi. Sasa aliwaambia wanawe wauzike mwili wake po pote, ila wamkumbuke altareni. Akafa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Hakuwahi kumwona mwanawe akiwa askofu wa Hippo, wala mwalimu mkuu wa Kanisa.

Wapenzi wasomaji, tusidhani kwamba tumaini huja baada ya mahangaiko ya nyumbani kwisha. Monika alilipata katikati yake: katika kunyamaza wakati wa hasira, katika kumpakulia chakula mtoto asiyesikia, katika kurudi kanisani asubuhi baada ya kuachwa pwani. Wako wazazi kati yetu ambao leo wanatazama bahari tupu. Hatuwezi kuwaahidi siku wala mwaka. Twawaomba tu wasiiondoe sahani ya mtoto wao mezani, wala jina lake katika sala zao; na sisi tuliobaki, walimu na waumini, tusimwache mama wa namna hiyo angoje peke yake.