Ole Evinrude, fundi wa injini za boti

Ole Evinrude alizaliwa Norwei mwaka 1877, akahamia Marekani akiwa mtoto. Mwaka 1909, mjini Milwaukee, alianza kuuza injini ya kupachika nyuma ya boti, yenye uzito wa kilo 28. Yeye alishika ufundi, mkewe Bess akashika biashara.

Bess alipougua, Ole aliuza hisa zake kwa mbia wake. Baadaye alibuni injini ya aluminiamu, kilo 22 lakini yenye nguvu maradufu. Uzito ukizidi nyuma, boti huinua pua na kukosa mwendo. Mbia aliikataa, Ole akafungua kampuni nyingine. Mwaka 1929 kampuni hizo ziliunganishwa, Ole akawa rais wake. Alifariki mwaka 1934.