Habari za Susi, Mchukuzi wa Amana

Sisi wa Rusimbi hatuko mbali na Ujiji, ambako liko jiwe la ukumbusho wa kukutana kwao Daktari Livingstone na Bwana Stanley mwaka 1871. Wengi huwakumbuka Wazungu hao wawili. Leo twapenda kueleza habari za mtu aliyetoka mbio kumlaki mgeni siku ile, yaani Abdullah Susi.

Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kando ya mto Zambezi. Huko alishika kazi ya merikebu ya Livingstone, na mwaka 1866 akafuatana naye katika safari yake ya mwisho barani. Hatuyafichi makosa yake: mwaka 1868 alimwacha bwana wake, kisha akasamehewa na kupokewa tena. Lakini mwaka 1870, wengine walipokataa kwenda mbele katika Manyema, Susi alikuwa mmoja wa watatu tu waliobaki.

Livingstone alifariki mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo. Kumzika palepale kungalikuwa rahisi, kwa maana watu wa siku zile waliogopa sana maiti kupitishwa katika nchi yao. Susi na Chuma na wenzao wakaazimia kumrudisha kwa ndugu zake. Moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakaukausha juani, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakashika njia ya pwani, mwendo wa maili zaidi ya 1,000.

Njiani walishindana na maradhi, na wengine wao walikufa. Walipofika Unyanyembe, Bwana Cameron, afisa wa Kiingereza, aliwashauri wauzike mwili huko. Kumkatalia mkubwa kama huyo si jambo dogo kwa wapagazi, lakini walikataa kwa adabu. Mbele yake, wenyeji wakakataa katakata maiti isipite. Basi wakafanya mzigo wa uongo, wakaurudisha nyuma kana kwamba waenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga mfano wa robota la nguo, wakapita. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Je, walipewa heshima mara moja? Sivyo. Mwili ulipozikwa London tarehe 18 Aprili 1874, Susi na Chuma hawakuwapo. Waliitwa Uingereza baadaye, wakasaidia kutengeneza kitabu cha safari za bwana wao. Susi alibatizwa Unguja mwaka 1886, akaitwa Daudi, akafariki mwaka 1891.

Ndugu, tuangalie jambo hili: Susi alitenda wema huo miaka mingi kabla ya kubatizwa. Basi sisi tuliobatizwa tangu utoto, tutajibu nini tukiacha lililo haki kwa kuogopa maneno ya majirani? Mzigo wa haki ni mzito, wala hauna wasifuo wengi njiani. Lakini aliyepewa amana huifikisha.